Nani Aliipiga Kiki?

Kila Jumamosi, kabla chai haijapoa, nyuma ya nyumba vyuma vilianza kulia. Baba na baba mdogo walikuwa wameshavua turubai, wamepanga spana juu ya gunia, na kila mmoja amepiga magoti upande wake wa pikipiki kuukuu ya marehemu babu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa fundi. Baba alikuwa karani wa posta, mtu wa mihuri na bahasha. Baba mdogo alikuwa mwoka mikate, mwenye mikono minene iliyozoea kukanda unga. Lakini wengine hupenda mpira, wengine hupenda soga. Hawa ndugu wawili walipenda grisi.

Aliyewashinda wote kwa kupenda grisi alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mtoto pekee wa nyumba hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana. Alikuwa ameshatengeneza feni, taa ya baiskeli, na hata cherehani ya mama yake, ingawa tangu siku hiyo cherehani ilishona ikirudi nyuma.

"Mwanangu," mama alimwambia, "siku ukinitengenezea na jiko, tutakula vibichi."

Jumamosi hiyo walimwaga oili chakavu. Ilitoka nyeusi tii, ikachuruzika ndani ya beseni mpaka tone la mwisho.

"Oili mpya nitaimimina mimi Jumatano, nikitoka zamu," alisema baba mdogo.

"Usije ukasahau."

"Kaka, mimi si mtoto."

Baba akamgeukia Spana na kumwonyesha kidole chenye grisi. "Na wewe usiiguse. Injini isiyo na oili ikiwashwa, vyuma vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikomshinda.

Jumanne Spana alirudi kutoka shuleni na rafiki yake, msichana mwembamba aliyeitwa Njiti. Njiti aliizunguka ile pikipiki, akabetua midomo. "Mwaka mzima mnaitengeneza, na sijawahi kuisikia hata ikikohoa. Hili si sanamu tu la chuma?"

Maneno hayo yalimchoma Spana. "Sanamu? Subiri uone."

Alifungua petroli, akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Ya tatu, injini ikanguruma, ua mzima ukatetemeka, na kuku wa jirani wakatawanyika. Njiti akapiga makofi. "Ongeza moto! Ongeza!"

Kichwa kilimvimba Spana. Akaongeza moto. Akaongeza tena. Ghafla mngurumo ukageuka kuwa kilio, kama chuma kinachochunwa ngozi. Harufu ya kuungua ikapanda. Kishindo kimoja kikasikika, kisha injini ikanyamaza. Spana alikanyaga kiki kwa uzito wake wote. Haikusogea, kana kwamba imepigiliwa misumari.

Akarudisha turubai haraka. "Hatukufika hapa leo," alimwambia Njiti. "Umesikia? Hatukufika."

Jumatano baba mdogo alikuja na oili yake, akaimimina, akafunga kifuniko, akaenda zake kulala. Hakuipiga kiki. Jumamosi ilipofika, baba akaipanda pikipiki kwa mbwembwe, akainua mguu, akashusha. Mguu ukadunda. Akajaribu tena mpaka kisigino kikamuuma.

"Imekaza," alisema polepole. Akamtazama mdogo wake. "Uliiwasha kavu."

"Nani? Mimi nilimimina oili tu."

"Basi imejiwasha yenyewe?" Baba akageuka. "Spana, wewe unashinda hapa. Nani aliipiga kiki?"

Spana aliuona uso wa baba ulivyokaza. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Nilimsikia baba mdogo akiiwasha. Jumatano. Kabla ya kumimina oili."

Baba mdogo hakukasirika kwanza. Alishangaa tu, kama mtu aliyetemewa mate na mtoto aliyembeba mgongoni. "Mimi? Mwanangu, mimi?"

"Mtoto adanganye apate faida gani?" baba alifoka. "Kila unachokishika kinakufia mkononi! Mzee aliumwa miezi sita, wewe ukatokea siku ya mazishi. Leo umeimaliza na pikipiki yake!"

"Rudia hayo," alisema baba mdogo.

"Nirudie mara ngapi ndipo yakuingie?"

Ngumi ilimpata baba mdomoni. Spana aliusikia mlio wake, mlio mkavu, kisha akaona damu ikichuruzika juu ya shati la posta. Baba aliinuka akamrukia mdogo wake, wakaanguka pamoja juu ya gunia, spana zikaruka huku na huku. Walipigana bila ustadi na bila huruma. Waliumana, wakakabana makoo, wakagongana vichwa. Baba mdogo alikipinda kidole cha kaka yake mpaka kikalia kama kijiti kikavu. Baba akapiga yowe, mkono wake wa pili ukapapasa chini, ukashika spana kubwa kuliko zote.

"Baba, usi..." Spana alianza, lakini alikuwa amechelewa.

Chuma kile kilitua juu ya paji la uso la baba mdogo. Ngozi ilipasuka. Damu ikamfunika macho, na bado alikuwa akirusha ngumi kama kipofu, zikipiga ukuta, zikipiga hewa.

Mama alikuja mbio na ndoo ya maji ya kufulia akawamwagia wote wawili. Jirani yao seremala akaruka uzio, akamkumbatia baba kwa nyuma na kumvuta. Ua ulijaa povu jekundu.

Kabla ya kupelekwa zahanati, ambako alishonwa nyuzi saba, baba mdogo alisimama mlangoni, kitambaa kikiwa kimelowa kichwani. "Shemeji," alimwambia mama, "kuanzia leo usinihesabu. Mimi sina kaka. Amekufa."

Spana alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa nayo jioni hiyo, na kesho yake asubuhi, na kila alipomwona baba akinywa uji kwa mrija kwa sababu ya midomo iliyovimba. Kila nafasi aliiacha ipite, na kila iliyopita ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Jumatatu shuleni, Njiti alimvuta kando ya choo. "Nimesikia yaliyotokea. Kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Baba yako mdogo karibu atolewe jicho kwa ajili yako. Kama husemi, nitasema mimi."

Spana hakujua mkono wake ulivyoinuka. Alimpiga Njiti usoni, akamsukuma ukutani, akampiga tena. Pua ya Njiti ikatoa damu, ikadondoka juu ya kola yake nyeupe. Njiti hakurudisha. Alijifuta kwa kiganja na kumtazama.

"Nipige mpaka uchoke," alisema huku akilia. "Bado ni wewe uliyeipiga kiki."

Spana alirudi nyumbani na vifundo vya vidole vikimuuma. Alivitazama njia nzima. Vilikuwa vyekundu kama vya baba siku ile.

Alipokaribia, alisikia kishindo nyuma ya nyumba. Kisha kingine. Akakimbia. Baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya pikipiki, bandeji kichwani, nyundo kubwa ya kuvunjia mawe mikononi. Taa ya mbele ilikuwa tayari imesambaa chini kama barafu.

"Mzee alituachia sote wawili!" alinguruma. "Nimekuja kuchukua nusu yangu. Na kwa kuwa haigawanyiki, naigawanya mwenyewe!" Nyundo ikashuka juu ya tangi, tangi likabonyea, petroli ikaanza kuvuja.

Baba akatoka mbio jikoni na nondo, kidole chake kilichovunjika kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha ubao. "Piga tena, na leo tutazika mtu!"

"Njoo! Njoo umalize ulichoanza!"

Mama alikuwa amemshika baba kiunoni akipiga mayowe, lakini baba alimburuta kama gunia. Nondo ikainuka. Nyundo nayo ikaacha pikipiki, ikageukia mtu. Spana aliona wazi kwamba safari hii maji ya ndoo hayatatosha.

Akapita katikati yao, akajitupa juu ya injini na kuikumbatia.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Niliipiga kiki mimi! Jumanne, na Njiti ni shahidi! Nikamsingizia baba mdogo! Hakuigusa! Hakuigusa kabisa!"

Nondo ilibaki hewani. Petroli ilidondoka tone moja moja.

"Umesema nini?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

Alirudia yote, bila kuficha hata alivyompiga Njiti. Alipomaliza, uso wa baba ulikuwa umegeuka rangi. Aliitupa nondo, akamshika Spana shingoni kwa nguo, akainua mkono wake usioumia juu ya kichwa chake. Spana akafumba macho.

Kofi halikuja. Alipofumbua, aliuona mkono mnene wa mwoka mikate umeushika wa baba kwenye kifundo.

"Kaka, inatosha," alisema baba mdogo. Alikuwa akihema. "Tumepigana vya kutosha nyumba hii. Huyu naye tukimvunja, tutamshona na nini?"

Baba akaketi chini, palepale penye vioo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Spana hakuwahi kumwona baba yake akilia. "Nilikupiga kwa chuma, mdogo wangu," alisema. "Na yale ya mzee... Nilijua kwamba ulikosa nauli ya kuja. Nilijua miaka yote. Nikayasema makusudi, ili uumie. Nisamehe."

Baba mdogo aliiweka nyundo chini, akamsogelea, akaketi kando yake. "Na mimi ndiye niliyeanza ngumi," alisema. "Nisamehe na mimi."

Spana alipiga magoti mbele ya baba mdogo na kuomba msamaha. Kesho yake mama alimpeleka kwao Njiti, naye Spana akaomba msamaha mbele ya wazazi wote wawili wa Njiti, kichwa chini, machozi yakimtoka. Njiti akasema, "Sawa. Lakini kola yangu utaifua wewe." Akaifua mara tatu.

Jumamosi iliyofuata injini ilifunguliwa. Spana alipewa kazi chafu kuliko zote, kusugua masizi kwa brashi, na hakunung'unika. Baba, ambaye hakuweza kushika kitu kwa kidole chake, alielekeza tu. Ndipo baba mdogo akaichomoa pistoni iliyokwama na kumpa Spana aishike. Ilikuwa imekwaruzika ubavu mzima.

"Hii tutatafuta nyingine," alisema. "Silinda itachongwa. Miezi miwili, mitatu, itanguruma. Lakini sikiliza, mwanangu. Uliogopa kofi moja la baba yako, siyo?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Ungesema kweli siku ile, ungelipata hilo moja, likauma, likapoa. Uongo haukumpiga aliyeusema. Ulianza kunipiga mimi, ukampiga baba yako, ukampiga rafiki yako asiye na kosa, na ungetuua." Aligusa nyuzi zake taratibu, akamtupia jicho kaka yake. "Lakini usijibebeshe mzigo wote peke yako. Wewe ulileta kiberiti tu. Petroli ilikuwa yetu sisi wakubwa, tumeiweka rohoni miaka mingi. Mtu mwenye hasira huamini haraka lile analotaka kuliamini, na hauliziulizi."

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Ningeuliza mara ya pili tu," alisema. "Kabla ya kuinua mkono, ningeuliza mara ya pili."

Kisha akamsogezea Spana kopo la mafuta ya taa kwa kiwiko, nao wakaendelea kuosha vyuma.