Chumba cha Magodoro

Rafiki yangu anarekodi kwaya, na Mungu ni shahidi, si mtu wa uongo. Mchana mmoja aliweka mfumo mpya kwenye kompyuta, na kisanduku chake kikuukuu cha sauti, kinachounganisha maikrofoni, hedifoni na spika na kompyuta, kikagoma. Akahangaika nacho katika chumba alichokiziba kwa magodoro, na alipotaka kutoka, kitasa cha mlango kikamng'okea mkononi.

"Dada! Nifungulie bwana!"

Magodoro yakameza kelele. Spika zilikuwa sebuleni. Kisanduku kikiamka tu, dada yake aliyekuwa huko angemsikia kupitia maikrofoni. Akavaa hedifoni, akauchomoa waya wa kisanduku ili auchomeke upya. Ndipo akaisikia kwenye hedifoni sauti yake mwenyewe ikiita "Dada!" kwa mbali, kama isikikavyo kwa aliye nje ya mlango. Karibu zaidi, mkewe, tuliyemzika mwaka juzi, akakohoa.

"Ngoja, baba. Naja."

Waya ulikuwa bado mkononi mwake kitasa cha nje kilipoanza kuzunguka.