Godoro la Mtu Mmoja

Godoro lilimgonga Semisi kisogoni, chai yake yote ikamwagikia magimbi ya muuzaji.

"Wee! Huoni watu?"

"Nimepiga kelele 'pisha' mpaka koo limekauka," alijibu msichana aliyelibeba kichwani, katikati ya msongamano wa Jumamosi asubuhi katika soko la Otara. Alivaa gauni la kijani la Kisamoa, ua jekundu sikioni, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Semisi akasahau chai.

"Mbona dogo? La mtoto?"

"Langu. Natoka kwa baba, nahamia kwangu."

"Unaolewa?"

"Kila mtu swali hilo hilo! Nahama tu. Shika upande huo, uache umbea."

Akashika. Msichana aliitwa Lusila, miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa maabara. Semisi alikuwa Mtonga wa visiwani, dereva wa basi, miaka ishirini na saba, na mama yake bado alimpigia pasi mashati.

Kwa wiki sita walizunguka pamoja wakitafuta sufuria, bisibisi, kamba ya kuanikia. Siku za kazi walipigiana simu.

"Hujambo, mama mwenye nyumba?"

"Sijambo, mtoto wa mama. Umekula, au bado hujalishwa?"

Nyumbani kwa kina Lusila hakukuwa na kicheko. Mzee Tavita, baba yake Lusila, alikuwa amesema neno moja tu: "Kwetu binti hutoka kwa harusi au kwa jeneza." Kisha akanyamaza, wala salamu hakuitikia.

Siku chache kabla ya kuhama, Semisi alimshika Lusila mkono. "Mpenzi, mateso ya nini? Tuoane, uhamie kwangu."

"Kwako wapi? Kwa mama yako?"

Semisi akauachia mkono wake.

"Nakupenda, Semi. Lakini sitaki kutoka mkononi mwa baba niingie mkononi mwa mume kabla sijajua mikono yangu mwenyewe inaweza nini."

"Sema tu hunitaki!" Akaondoka bila kugeuka.

Siku tatu kimya. Siku ya kuhama moyo ukamshinda, akapiga simu. Ikapokelewa na sauti nzito ya kiume: "Nani?" Semisi akakata. Kumbe ndiyo sababu!

Punde simu ikaita.

"Mbona umekata?" aliuliza Lusila.

"Muulize huyo mwanaume wako."

"Mwanaume wangu yuko juu ya ngazi. Ana miaka sitini na miwili, na anataka kujua ni nani anampigia bintiye kisha anakata."

Semisi alifika mbio kwenye makao mapya ya Lusila, shati nje. Mzee Tavita alikuwa akipigilia rafu ya jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika ngazi." Akapigilia msumari mmoja zaidi. "Nilisema sitakuja. Nikapita tu nikaona kitasa cha mlango. Hata kuku angekifungua."

Lusila akageukia sinki, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Nisamehe," Semisi alimnong'oneza. "Nitasubiri."

"Usisubiri, mpenzi. Nawe kajifunze kuishi peke yako."

Semisi akapanga chumba mtaa wa Manurewa. Aliunguza sufuria tatu na kola mbili za mashati. Mwaka ulipopita, Jumapili moja baada ya kanisa, alimkaribisha Lusila chakula: nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, kwa tui zito. Chumvi ilizidi. Lusila alikula yote.

"Semi, sasa najua naweza kuishi peke yangu."

Semisi akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siogopi upweke, wala simkimbii baba. Nakutaka wewe tu. Utanioa?"

Semisi aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondokea sahani.

"Lia, lakini ule," Lusila alimwambia, akimfuta shavu kwa kidole gumba. "Chakula kinapoa, mume wangu."