Sanduku Halikohoi

Kikohozi.

Kikavu, kizito, kama cha mzee aliyevuta sigara maisha yake yote. Kilitoka upande wa pili wa ukuta wa mabati, karibu kabisa na sikio la Msumari.

Akabana pumzi. Bastola yake aina ya Glock ikapanda hadi usawa wa macho. Akasogeza bati kwa ncha ya kidole, akachungulia.

Nguruwe.

Alisimama peke yake kwenye banda la saruji, macho mekundu, kamasi zikimchuruzika. Akakohoa tena, mwili mzima ukatikisika. Juu yake, kwenye kichanja cha waya, bata walijazana. Kinyesi chao kilidondoka moja kwa moja ndani ya hori lake.

"Msumari, unaona nini?" Sauti ya Mkuu wake ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni.

"Bata juu. Nguruwe chini. Wote wagonjwa."

"Na watu?"

"Bado."

Watu ndio waliomleta. Shamba hili lilikuwa likiajiri vibarua getini kwa mtindo ambao haukumwingia Mkuu akilini: mzima alirudishwa, mwenye mafua aliingizwa. Aliyepiga chafya mbele ya msimamizi alipewa gambuti papo hapo.

Vibarua wenyewe walicheka. Hatimaye amepatikana tajiri anayependa wagonjwa!

Msumari hakucheka. Alikaza barakoa yake ya mpira, akatambaa hadi stoo ya pumba.

Ndani, daktari wa mifugo alikuwa akifunga zipu ya begi. Aligeuka, akakutana na mdomo wa bastola.

"Unasafiri, daktari?"

"Mimi... mimi ni mwajiriwa tu, bosi."

"Hata mimi. Wangu wananilipa nipige risasi. Wako wanakulipa ufanye nini?"

Begi likamponyoka.

"Mafua ya bata hayamwingii mtu kirahisi," alisema haraka haraka. "Hayana ufunguo wa seli zetu. Mafua ya watu yanao. Nguruwe anaingilika na yote mawili. Yakikutana ndani ya seli moja ya pafu lake, yanabadilishana vinasaba. Kila kirusi kina vipande vinane. Ni kama kuchanganya seti mbili za karata, halafu unagawa upya. Mara nyingi unapata takataka. Lakini siku moja..."

"Maliza."

"Siku moja unapata ukali wa bata na mbio za mafua ya watu. Na hakuna kinga ya mtu yeyote inayoyajua."

"Mmepata?"

"Asubuhi hii. Kwa nguruwe yule anayekohoa. Mgeni anayetulipa ameshachukua sampuli, iko kwenye sanduku la barafu. Ana wateja wake nje ya nchi."

"Nimesikia," Mkuu alisema sikioni. "Lete sanduku. Sanduku kwanza, mengine baadaye."

Lakini daktari hakuwa amemaliza.

"Kuna jingine. Kibarua aliyekuwa akimlisha nguruwe yule alikuja na mafua ya kawaida, yakapona. Jana ameanza homa mpya. Homa mbaya. Nimemwambia alale, anang'ang'ania kwenda nyumbani. Mkewe amejifungua."

"Anaitwa nani?"

"Wanamwita Spana."

Stoo ikawa ndogo ghafla.

Spana alikuwa fundi pikipiki aliyekuwa akihangaikia kibarua. Spana alikuwa mume wa dada yake.

Injini mbili zikanguruma nje, karibu kwa pamoja.

Msumari alitoka mbio. Kushoto, Land Cruiser nyeupe ilichomoka getini. Mgeni alikaa kiti cha nyuma, amelipakata sanduku la bluu mapajani. Kulia, pikipiki nyekundu aina ya Honda ilipenya kwenye upenyo wa uzio, ikashika njia ya mashambani. Aliyeiendesha alijiinamia, akakohoa, akaongeza mwendo.

Mlinzi alinyanyua bunduki. Msumari akamtwanga risasi ya bega, akairukia pikipiki yake aliyokuwa ameificha kichakani.

"Mkuu! Mgeni ametoka na sanduku. Barabara ya lami. Funga daraja!"

"Darajani nina vijana wawili tu. Mfuate kwa nyuma!"

"Siwezi. Namfuata mwenye pikipiki."

"Umerukwa na akili? Sanduku, Msumari! Sanduku!"

"Sanduku halikohoi, Mkuu."

Sauti ya Mkuu ikashuka:

"Huyo anaelekea wapi?"

"Kwa mkewe aliyejifungua na mtoto mchanga. Halafu wageni wa kuja kumwona mtoto."

"Ukishindwa kumsimamisha, unajua la kufanya."

"Najua."

Vumbi. Mawe. Mgongo wa Spana ulikuwa mpana mbele yake, shabaha rahisi. Paa za kwanza za mji zikatokeza.

Msumari alilenga. Alishusha mkono kidogo. Alifyatua.

Tairi la nyuma likapasuka. Honda ikayumba, ikalala ubavu ndani ya mtaro. Spana aliinuka akichechemea, akaanza kukimbia. Msumari akamvaa kiunoni, wakabiringika.

"Niache! Naenda kumwona mwanangu!"

"Spana! Ni mimi!"

"Shemeji?" Spana alikodoa macho. "Shem, si ulisema unauza bima?"

"Leo nimefunga ofisi. Tulia."

"Nitoke juu yangu! Hata sura yake sijaiona!"

"Ukiingia nyumba ile, unamuua. Unamuua na mama yake. Nguruwe amekuambukiza."

"Mwongo!" Ngumi ilimpata Msumari shavuni. Barakoa ikachomoka, ikaning'inia kwa kamba moja. Spana alifungua mdomo atukane. Kikatoka kikohozi, kirefu, chenye damu, moja kwa moja usoni mwa shemeji yake.

Wote wawili wakatulia.

"Nimekukoholea," Spana alinong'ona.

"Umenikoholea."

"Kwa hiyo na wewe..."

"Na mimi."

Spana akajishika kichwa, akalia kama mtoto.

"Msumari." Ilikuwa sauti ya Mkuu. "Gari limekamatwa. Sanduku halijafunguliwa. Mgeni ana pingu. Shamba tumelizingira, hatoki mtu wala bata." "Kijana mmoja amepigwa risasi darajani. Amekufa. Ungekuwa nyuma yao, angekuwa hai."

"Ndiyo, Mkuu."

Akamwinua Spana kutoka vumbini, wakasubiri gari la wagonjwa.

Wodi ya kutengwa ilikuwa na vitanda viwili na dirisha lisilofunguka. Msumari alifika kwa miguu yake. Alimkabidhi bastola muuguzi aliyevaa nguo nyeupe za plastiki, akakunja koti, akaingia bila kugeuka nyuma.

Spana alikuwa ameshawekewa oksijeni. Midomo yake ilianza kupoteza rangi.

Simu ikaita.

"Kaka? Wameniambia yuko na wewe."

"Yuko hapa, dada. Amelala."

"Niambie atapona."

Msumari alikuwa amedanganya watu maisha yake yote ya kazi. Mawaziri, majambazi, wakwe. Alimtazama Spana, kifua kikipanda kwa shida, kikishuka kwa shida.

"Sijui."

Mtoto alilia upande wa pili. Dada akamtuliza, naye akilia.

"Basi niahidi kitu, kaka. Chochote. Nitalalaje?"

Msumari aliusukuma mlango kwa kisigino hadi ukajifunga, akavuta kiti karibu na kitanda, akaushika mkono wa Spana uliowaka kwa homa.

"Nakuahidi, mdogo wangu. Mlango huu yeye ndiye atakayetangulia kutoka. Awe kwa miguu yake, awe amebebwa, mimi nitakuwa nyuma yake."