Paa la Jiko la Bi Siwema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zamda alikuwa na kazi asiyoipenda hata kidogo, nayo ni kuchuja nta. Baba yake alijaza gunia masega yaliyochemshwa, kila mmoja akashika kijiti upande wake, wakalisokota gunia mpaka nta ya moto ikachuruzika kwenye karai. Ikimrukia mkononi ilimuunguza. Harufu yake nayo ilimfuata mpaka darasani, ambako wenzake walimwita Binti Nyuki. Zamda aliwajibu kwamba nyuki huuma, na utani ukaishia hapo.

Lukumani, baba yake, alikuwa myeyushaji nta anayejulikana sana pale Ng'ambo, mjini Tabora, enzi hizo za Mwingereza. Karakana yake ilitazamana na njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikienda Ujiji, na warina asali wa Ipole walimletea masega kwa baiskeli. Msimu ule masega yalikuja kwa wingi usio wa kawaida. Yalijaa karakana, yakajaa baraza, mengine yakawekwa uani mpaka siafu wakayagundua. Warina walipoona mizigo yao inakaa bila kuguswa, walianza kunung'unika.

"Nisipojenga tanuri la pili watanikimbia wote," Lukumani alimwambia Zamda. "Na hapo shule ya bweni, mwanangu, utaisikia kwa wenzako tu."

Maneno hayo yalimchoma Zamda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule ya bweni ya wasichana alikuwa akiiota macho yakiwa wazi.

Lakini karakana ingepanuliwa kuelekea wapi? Mbele kulikuwa na barabara ya serikali, nyuma kisima cha mtaa, kulia mtaro wa maji ya mvua. Ulibaki upande wa kushoto, na huko aliishi jirani yao, Bi Siwema, mjane mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi. Nyumba yake ilikuwa na paa la madebe yaliyopondwa, kwa hiyo haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa jiko lake la nje. Lilikuwa la msonge, paa la nyasi juu ya ukuta mfupi wa udongo, na sheria ya mji ilisema jengo lenye tanuri likae futi thelathini mbali na paa lolote la nyasi. Lukumani alipima, akapima tena, futi zikakataa kuongezeka.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Bi Siwema na uso wa furaha.

"Jirani, nyasi za jiko lako zimeoza. Nitakuezekea upya, na hutatoa hata senti. Tutalishusha paa, fundi alitengeneze pembeni, kisha tulirudishe."

Bi Siwema alimwombea dua ndefu. Vijana wa mtaa waliitwa, wakaingia chini ya paa, wakalinyanyua zima zima kama kofia na kulibeba mpaka nyuma ya kichochoro huku wakiimba. Zamda alipewa kazi ya kuondoa mafiga na kufagia majivu. Alifanya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu kabisa, akijisemea kwamba hakuna mtaani baba mwema kama wake. Kuku wakaruka ndani ya ule ukuta mfupi, wakaanza kuparuaparua.

Kesho yake Bi Siwema alikwenda Itetemia msibani. Haukupita muda mrefu, akafika Bwana Dionis, Bwana Afya wa ofisi ya mji, na kamba yake ya kupimia, kukagua mahali Lukumani alipoombea kibali cha kujenga. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuuliza kila kitu mara mbili. Zamda alimwamkia.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, binti. Hamjambo?" Aliuangalia ule ukuta wa mviringo. "Hiki hapa ni nini?"

Zamda alimtazama baba yake ili ajibu. Baba alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na kiatu kilikuwa kimefungwa vizuri tu. Hapo ndipo Zamda alipoelewa. Kumbe paa halikushushwa kwa wema. Kumbe majivu aliyoyafagia yalikuwa yanafichwa, na yeye ndiye aliyeyaficha. Lakini mbele ya macho yake akaiona shule ya bweni na wasichana wenye sare.

"Ni banda la kuku, Bwana," alisema.

"Banda la kuku?" Bwana Dionis aliuliza tena, kama kawaida yake.

"Ndiyo, Bwana."

Kuku walikuwamo, wanaonekana. Bwana Dionis akapima kuanzia nyumba ya madebe, akatikisa kichwa kukubali, na haukupita muda mrefu kibali kikatoka. Bwana Afya alipoondoka, Lukumani alimpiga binti yake begani kwa upole na kucheka kidogo. "Una akili wewe," alisema. Zamda hakujua kwa nini sifa ile ilimfanya ajisikie vibaya namna ile. Usiku akakataa chakula, akasema tumbo linamuuma.

Basi, karakana ikapanuliwa. Ukuta wa mabati ulisogea mpaka ubavuni mwa jiko, na jiko lenyewe likarudishiwa paa lake, jipya, linanukia nyasi kavu. Lukumani alikata dirisha upande ule ili moshi utoke. Jiko na dirisha vilikaribiana hivi kwamba Bi Siwema akiishiwa chumvi alinyoosha mkono tu, Zamda akampa akiwa palepale kwenye tanuri.

"Ujirani ndio huu," Bi Siwema alisema huku akicheka. "Baba yako Mungu amzidishie."

Zamda aliinamisha kichwa, akajifanya anachochea moto.

Alasiri moja ya Jumamosi, Lukumani alimwacha Zamda alinde pipa la tanuri jipya wakati yeye anapokea mzigo nje. Masega ya siku hiyo yalikuwa na maji mengi. Sasa, kila mtu wa kazi hiyo anajua kwamba nta yenye maji ikichemka sana hufoka kama maziwa. Zamda aliona povu linapanda. Alikimbilia kuvuta kuni, lakini alikuwa amechelewa. Nta ilimwagika ubavuni mwa pipa, ikaufikia moto, na moto ukaruka juu kwa mshindo. Ulitoka kwa lile dirisha la kutolea moshi na kuzishika nyasi za paa la Bi Siwema.

Ndani ya jiko Bi Siwema alikuwa ameinama akisonga ugali.

Zamda alizunguka mbio, akafika kwenye mlango mfupi wa jiko na kumkuta mama wa watu anahangaika kutoka, moshi umempofua, nyasi zinazowaka zinamwangukia. Alimkamata kanga, akavuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili uani. Watu wakaja na ndoo za maji. Lukumani akawazuia, akisema nta haizimwi kwa maji, leteni mchanga. Karakana ikanusurika. Lakini paa la jiko liliteketea kabla mtu hajamaliza kujifunga kibwebwe, na mkono wa kulia wa Bi Siwema, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, uliungua vibaya.

Zamda aliutazama mkono ule. Ngozi ilikuwa imebabuka. Huo ndio mkono uliokuwa ukipokea chumvi. Mama yake, Mwanajuma, alikuja akamfunika shuka.

Jumatatu Bwana Dionis alifika, safari hii hana upole wowote. Watu wa mtaa walikusanyika. Bi Siwema alikuwa ameketi kizingitini, mkono umefungwa bendeji.

"Mama," Bwana Dionis alisema, "nilipopima mahali hapa hapakuwa na jiko. Palikuwa na banda la kuku. Jirani yako amepewa kibali halali, kisha wewe ukaja ukajenga jiko la nyasi karibu na tanuri lake. Umehatarisha mtaa mzima. Ofisi itakunyang'anya kiwanja hiki, na utatafuta pa kwenda."

Bi Siwema alimtazama Bwana Afya kama mtu aliyeambiwa kwamba yeye si yeye.

"Jiko langu?" alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, jiko hili alilijenga marehemu mume wangu. Mimi nimepika humo miaka yote. Baba Zamda, hebu mwambie Bwana."

Lukumani alikuwa anatazama chini. Hakusema kitu. Zamda alisubiri. Alisubiri kwa hofu, akiomba moyoni baba yake afumbue mdomo, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyozidi kushtuka. Hakuwahi kudhani kwamba baba yake angeweza kumwacha mjane mwenye mkono ulioungua afukuzwe kwenye kiwanja chake.

Kisha akakumbuka nani alitamka lile neno la banda la kuku. Si baba.

"Lilikuwa jiko," Zamda alisema.

Bwana Dionis aligeuka. "Unasemaje?"

"Lilikuwa jiko tangu zamani, Bwana. Paa lilikuwa nyuma ya kichochoro siku uliyokuja. Mafiga niliyaondoa mimi. Majivu nilifagia mimi. Nilikuambia ni banda la kuku, na nilijua si banda la kuku." Hapo akaanza kulia, lakini aliendelea kusema. "Bi Siwema hakujua. Yeye aliambiwa anaezekewa."

Lukumani aliinua uso, akamtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwanajuma alishika kichwa. Wote watatu walijua kwamba kibali kimekwenda, tanuri limekwenda, na bweni limekwenda nalo.

"Ni kweli?" Bwana Dionis alimuuliza Lukumani. "Nakuuliza tena, ni kweli?"

"Ni kweli," Lukumani alijibu. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyepanga yote. Mama huyu asiguswe."

Kibali kilifutwa papo hapo. Lukumani aliamriwa kubomoa sehemu yote aliyoiongeza, kulipa faini, na kumtengenezea Bi Siwema jiko lingine. Bwana Dionis alimweleza pia kwamba ofisi imetenga viwanja upande wa reli kwa kazi za moto na moshi, mbali na nyumba za watu, na kwamba akitaka kupanua kazi yake aombe huko, mara hii aonyeshe kila kitu kilivyo. Angepata, lakini si msimu ule. Warina wa Ipole hawakungoja. Walipakia masega yao kwenye baiskeli, wakaenda kwa mwingine, na shule ya bweni ikasubiri mwaka mzima.

Lukumani hakuita fundi. Aling'oa mabati kwa mikono yake mwenyewe na kuyapeleka uani kwa Bi Siwema, upande wa pili wa nyumba, mbali na karakana, akaanza kujenga jiko. Zamda alimshikia misumari. Bi Siwema alitoka, akaketi karibu, mkono wake mgonjwa mapajani.

"Baba Zamda," alisema, "kitu kimoja kinanishangaza mpaka leo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Kukuuliza nini, jirani?"

"Kuhamisha jiko. Ungeniambia tu, Bi Siwema, nataka kujenga, jiko lako linanizuia. Ningekuambia libebeni mlilete huku. Paa lenyewe si mlilibeba siku moja mkiimba?"

Lukumani aliachia nyundo. Alikaa palepale kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Zamda akamwona baba yake analia mbele za watu. Alilia kwa sababu jambo lilikuwa rahisi namna ile, na yeye alikuwa ameliunguza.

Baadaye, wakati wa kukusanya vifaa, alimwita binti yake.

"Zamda, siku ile ulipomwambia Bwana Afya ni banda la kuku, mimi nilifurahi na kukusifu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko faini. Nilidhani zile futi thelathini ni kero ya ofisi tu, wanatuonea. Kumbe ziliwekwa ili mama wa watu asonge ugali wake salama. Anayedanganya kipimo hamdanganyi mpimaji, anamdanganya yule anayelala upande wa pili wa ukuta. Ukija kuniona tena nimekaa kimya penye uongo, sema, hata kama ni mimi baba yako."

"Ndiyo, Baba," Zamda alijibu.

"Haya, mwite Bi Siwema aje aone jiko lake. Akisema dirisha haliko sawa, tutalitoboa upya."