Mafuta ya Ufuta Shingoni mwa Mama

Kila alipotoka shule, Kasuku alijifungulia mlango mwenyewe, akavua viatu na kunyata hadi chumbani kumtazama mama yake. Mama alikuwa na uvimbe kooni, na hii ilikuwa wiki ya nne ya kwenda hospitali kupata tiba ya mionzi. Alirudi hoi, akalala. Sauti ilikuwa imemkauka. Akitaka kusema neno, alilinong'ona, au aliliandika kwenye daftari. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini.

Wenzake shuleni walimpa jina la Kasuku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Siku hizi hakuwa na wa kuongea naye. Hata yule msichana aliyekaa naye dawati moja alihamia nyuma. "Mama amesema mionzi inaambukiza," alisema huku anatazama pembeni. Tangu hapo, wakati wa mapumziko Kasuku alikaa peke yake, kitabu mkononi, asisome hata mstari.

Kilichomuuma zaidi ni shingo ya mama. Ngozi ilikuwa imeungua, nyeusi tii, imeanza kubanduka. Alasiri moja alimweleza mwanamke aliyekamua mafuta pale mtaani.

"Mwanangu, mbele ya mafuta ya mbegu mionzi haifui dafu!" alisema mkamuaji. "Nimesikia kwenye simu. Mpake ya ufuta kila asubuhi kabla hajaenda." Akamjazia kichupa.

Kesho yake, alipokiona kichupa, mama alinong'ona, "Nani kasema nipakwe?"

"Muuguzi," Kasuku alijibu upesi. "Siku ile nilipokusindikiza."

Mama akainamisha shingo. Kasuku alimpaka taratibu, akihisi joto la mwili wake. Zilikuwa dakika chache tu, lakini ndizo pekee za siku nzima ambazo hakuwa mpweke.

Baada ya siku tano ngozi ilipasuka. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Kasuku akafuatana na mama hospitalini. Muuguzi mkuu alifunua kitambaa, akakunja uso.

"Leo hatuendelei. Lazima kidonda kikauke kwanza, na kila siku tunayoiruka, uvimbe unapata nafasi ya kupumua. Umepaka nini, dada?"

Mama aliandika: *Mafuta mliyoagiza.*

"Sisi?" Muuguzi mkuu alimgeukia muuguzi mwanafunzi aliyeshika faili. "Ni wewe uliyemwambia?"

Binti yule alibabaika, machozi yakamlenga. Kasuku alitazama sakafu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilimdanganya mama."

Akaeleza yote. Mama aliweka kalamu chini. Alimtazama tu, na Kasuku aliona afadhali angechapwa.

Muuguzi mkuu alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Mionzi yenyewe huchoma ngozi, kwa hiyo siwezi kuyatupia mafuta lawama zote. Ila kitu kikipakwa kabla ya tiba bila sisi kujua, kinaweza kuzidisha madhara. Ni kweli wataalamu wanachunguza kama mafuta ya mbegu fulani yanaweza kuukinga mwili. Lakini kuchunguza si kuthibitisha."

"Na je, mionzi inaambukiza?" Kasuku aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani kakutia hofu hiyo? Mashine ikizimwa, mama yako hatoki na mionzi yoyote. Mkumbatie utakavyo."

Mama alifungua mikono. Kasuku alilia begani pake mpaka kwikwi zikamshika.

Kidonda kilichukua siku nane kukauka. Siku nane ndefu, zilizojaa wasiwasi. Tiba iliporejea, muuguzi mkuu alimpa Kasuku dawa ya kumpaka mama kila baada ya tiba, akamwonyesha kiasi chake.

"Nia yako ilikuwa njema," alimwambia, "lakini uongo ulitufunga macho sote. Ukimpenda mgonjwa, mwambie kweli, na uwaulize wanaojua kabla hujamgusa kwa dawa yoyote. Kuuliza si ujinga, mwanangu."