Zamu ya Yartsev

Asubuhi meli ilipong'oa nanga Arkhangelsk, Rimma Zotova alikunywa supu yake ya kabichi, kisha akaenda kumsalimu Savva Ilyich, mzee wa redio wa meli. Rimma naye alikuwa mtu wa redio. Alikuwa anakwenda kituo cha hali ya hewa, kwenye kisiwa cha barafu huko kaskazini, kupokea zamu ya kijana aitwaye Gleb Yartsev.

"Huyo nimemfundisha mwenyewe," Savva alisema. "Akigonga herufi redioni, mkono wake naujua kama kikohozi cha mke wangu. Na wewe kula, kijiti wewe! Huko upepo utakubeba."

Siku ya nne, barafu ikaanza kugonga ubavu wa meli. Savva alikwenda kunywa chai, akamwachia Rimma kiti. Adhuhuri milio ya redio ikaingia, herufi moja moja. Ripoti ya kituo, kama kawaida. Kisha swali: NANI ANANIPOKEA ZAMU?

Rimma akatabasamu. Akajibu: NI MIMI. RIMMA ZOTOVA.

Milio ikajibu: NJOO UPESI RIMMA. NIMECHOKA KUKAA.

Tangu hapo Rimma akaitwa kila saa. Jua la kiangazi cha kaskazini halikuzama, na milio haikukoma.

"Mkono ni wake," Savva alinong'ona. "Lakini siku tatu hizi hajalala?"

Siku ya saba mashua ikaja kutoka kisiwani. Mkuu wa kituo, Demyan Lukich, akapanda melini, akamkumbatia nahodha huku analia.

"Tulidhani mmetusahau! Redio imeungua tangu Mei, miezi miwili sasa."

"Na Gleb?" Savva aliuliza.

"Alikufa siku hiyo hiyo, kitini pake. Tumemzika sisi wenyewe."

Savva akamshika Rimma mkono. "Rudi nasi, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu."

Rimma akatazama ufukweni. Watu wanane walikuwa wanapunga kofia. Mbele yao miezi kumi ya barafu, bila sauti ya kuomba msaada.

"Na hawa je?" alisema. Akashuka.

Mlango wa chumba cha redio ulikuwa umepigiliwa misumari tangu mazishi. Demyan akaing'oa. Rimma hakukikalia kile kiti cha Gleb. Alipiga magoti sakafuni, akavunja lakiri ya kisanduku cha taa mpya za redio, zile za kioo zinazoiwezesha kupokea na kutuma, kilichokuwa kimetoka ghalani melini muda ule ule. Taa sita, kila moja ndani ya karatasi yake.

Tano zilikuwa nzima.

Ya sita, kioo chake kilikuwa cheusi. Imeungua. Akaigusa.

Ikamchoma kidole, kama taa iliyozimwa redioni sasa hivi.