Kijumba cha Ihanja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawe ya Mungaa Damari alipotoka na kigae mkononi kwenda kuomba moto kwa Dorika. Ni safari ya kila mwanamke wa kijijini, haina makuu. Tangu vita vya Hitler viberiti vilikuwa adimu. Moto ukikuzimikia, ulikwenda kwa jirani, ukapewa makaa mawili matatu, ukarudi mbio kabla hayajafa. Ila moto wa Damari siku hizi ulikuwa unazimika mno.

"Tena?" alisema Dorika, amechuchumaa mbele ya mafiga. "Mama Stefano, huo moto unaufanyia nini?"

"Kuni mbichi."

"Mbichi, kiangazi hiki?"

Damari alimnyooshea kigae. Dorika alikuwa jirani mwema, lakini adabu hakuwa nayo, na kijiji kizima kilimsema. Kwa desturi ya pale, mgeni akipiga hodi anakaribishwa. Anapewa kigoda, anapewa maji, anapewa chakula. Jina lake na shida iliyomleta haviulizwi mpaka ameshakula, maana kumwuliza kabla ni kumwonyesha kwamba chakula chako unakionea uchungu. Dorika yeye hakujali. Mtu hajamaliza hodi, keshaulizwa, "Wewe nani?" Hata mwalimu wa dini aliulizwa hivyohivyo, na kanzu yake nyeupe mwilini. Damari aliyelelewa akaleleka alikuwa akiona haya kwa niaba yake.

"Jana jioni nilisikia dadu inalia kwako," Dorika alisema. "Unacheza na nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajala bado."

Dorika aliacha kuchochea moto. Aligeuka, akamtazama usoni.

"Damari. Jirani yetu Marko na watu wake wametoweka, chungu kimebaki mekoni na ugali ndani. Askari wamekuja kutoka bomani, wametafuta nyayo za simba, hawakuona hata za paka. Na wewe una mgeni asiyekula?" Alishusha sauti. "Muulize jina. Leo. Kabla hajakaa."

"Nitaonekana sina adabu."

"Basi uonekane."

Damari alichukua makaa yake, akashukuru, akaondoka.

Njiani aliyawaza yale asiyotaka kuyawaza. Aliuwaza ule ubao.

Marehemu mumewe, Ignas, alikuwa fundi seremala. Zamani aliwahi kufanya kazi Kilimatinde, nyumbani kwa mganga mmoja wa Kizungu, na watoto wa yule mganga walikuwa na mchezo wao wa barazani. Walirusha dadu, wakanunua mitaa ya mji wao wa Ulaya, wakajenga nyumba, wakatozana kodi, wakafungana jela, na mwisho wake ilikuwa ngumi na kilio. Ignas aliwatazama, akacheka. Aliporudi Mungaa akawachongea wanawe wawili, Stefano na Yunisi, mchezo wa namna ile. Aliupunguza, kwa sababu Yunisi alikuwa hata meno ya utotoni hajang'oa. Fedha aliziondoa. Benki aliiondoa. Jela nayo aliiondoa, akisema ile ya serikali inatosha.

Kilichobaki kilikuwa ubao wa mninga, dadu ya mfupa, na vijumba vidogo vya tembe vilivyochongwa vizuri hata nguzo zake zilionekana. Pembeni mwa ubao Ignas alichoma kwa chuma cha moto alama za mahali wanapopajua: kengele ya Kilimatinde, pembe za ng'ombe kwa jirani yao Marko, patasi kwa nyumba yao wenyewe, barabara ya Ihanja. Unarusha dadu, unatembea. Ukiangukia mahali patupu unaweka kijumba chako. Ukiangukia kwa mwenzako unampa karanga. Basi. Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo ilitungwa kwa ajili ya Yunisi, aliyekuwa hawezi kushindwa bila kulia. Anayelia aliruhusiwa kubadilishana. Alitoa kijumba chake cha nyumbani, akapewa mahali anapopataka, na mwenzake hakuruhusiwa kukataa.

Siku zote Yunisi alipapenda Ihanja. Alipokuja kuolewa hukohuko Ihanja, watu walicheka sana, wakasema huyu binti alijinunulia ukwe tangu mtoto.

Kisha nyumba ikaanza kupungua. Ignas alikufa kwa kifua. Stefano alichukuliwa kwenda vitani, Burma, na vita vilipokwisha wenzake walirudi na makabuti yao, yeye hakurudi, wala habari yake haikurudi. Yunisi alikuwa mbali, na sasa alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Damari akabaki na kuta. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko wa watu kumi. Kabla ya tonge la kwanza aligeukia mlangoni akasema, "Karibuni!" Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, ndivyo alivyomfundisha Yunisi. Mtu hali peke yake bila kukaribisha. Hakukuwa na mtu nje, lakini alikaribisha. Akishakula aliutoa ubao, akarusha dadu mkono wa kulia, akajijibu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli. Alikuwa mpweke mpaka alikuwa anaongea na chungu.

Jioni moja alisema "Karibuni!" kama kawaida...

Na mtu akaitika.

Alikuwa mrefu, amevaa kabuti la kijeshi lililopauka. Damari alipoliona lile kabuti moyo ulimlipuka. Huyu ametoka vitani! Huyu anaweza kuwa anamjua Stefano! Alitaka kumwuliza palepale, ulimi ukamwasha. Lakini mgeni hajala. Alimwekea ugali na mlenda, naye akautazama kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Baadaye, mama. Kwanza tukae." Akaonyesha ubao kwa kidevu.

Wakacheza. Wakacheza kila jioni. Chakula hakukigusa, na swali la Damari likabaki kooni. Kila mgeni alipoondoka, moto ulikuwa umekufa, na chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Jioni aliyoweka kijumba chake penye pembe za ng'ombe, asubuhi yake kwa Marko hapakuwa na mtu. Damari aliliona jambo hilo, akalifunika. Alijiambia ni simba. Alijiambia ni watu-simba, wale wauaji wanaojifanya simba. Alijiambia chochote, ili mradi jioni ifike na kigoda cha pili kipate mtu.

Lakini leo, baada ya maneno ya Dorika, alikuwa ameshakata shauri. Ubao alikuwa ameuficha asubuhi chini ya kitanda, nyuma ya jembe. Hatautoa. Mgeni akija atamwambia umepotea.

Alisukuma mlango.

Ubao ulikuwa mbele ya mafiga. Umeshapangwa.

Na yeye alikuwa ameshakaa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Ma... marahaba, baba." Aliyatia makaa mekoni, akaweka kuni, akapuliza. Moto uliwaka, ukamtazama mgeni, ukainama. "Nikupikie kwanza. Leo utakula."

"Baadaye, mama. Kwanza tukae."

Muulize jina, Dorika alisema. Damari alifungua kinywa. Alimwona mama yake mzazi, alimwona bibi yake, wote wamekunja uso. Alifunga kinywa. Akakaa.

Dadu ikalia.

Ko... ko... ko.

Mgeni alitembeza kidole. Akapita kengele ya Kilimatinde. Akapita pembe za ng'ombe. Kidole kilikuwa kirefu, kikavu, na kila kilipopita ubao ulitoa ubaridi. Kikasimama.

Barabara ya Ihanja.

"Hapo hapana," Damari alinong'ona.

"Ni patupu, mama."

"Hapo ana mtoto. Mtoto mchanga. Tafadhali, baba. Rusha tena."

Mgeni alitoa kijumba ndani ya kabuti, akakiweka juu ya barabara ya Ihanja, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Mekoni moto ulizama. Na kwa mbali sana, mbali kuliko sikio linavyoweza kufika, Damari alisikia mtoto akilia. Kisha kilio kikaanza kufifia.

Alilia. Hakukusudia kulia. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, kama Yunisi alivyokuwa akilia palepale mbele ya ubao uleule. Na katikati ya kilio akakumbuka.

"Nabadilisha!" alisema. Aling'oa kijumba chake penye alama ya patasi, akakisukuma mbele ya mgeni. "Chukua changu. Nipe Ihanja. Ndiyo sheria, ninalia. Huwezi kukataa."

Mgeni alikitazama kile kijumba.

"Unanipa?" aliuliza. "Mwenyewe?"

"Nakupa."

Alikiweka kijumba cha Ihanja kiganjani mwa Damari, akakikunja kiganja chake kwa vidole baridi, na dadu ndani. Palepale moto ulisimama. Uliwaka vizuri, mkubwa, kama moto wa arusi. Mgeni alivuta sahani ya kiporo cha jana, akamega tonge, akatia kinywani. Akatafuna. Akameza. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kidevu.

"Nyumba nilizoshinda hazilaliki," alisema, kinywa kimejaa. "Moto hauwaki. Mpaka mwenyewe akupe."

Ameshakula. Sasa iliruhusiwa.

"Wewe nani?" Damari aliuliza.

"Mtu wa Kilimatinde. Nilikuwa na nyumba, mama. Niliitoa kwa ajili ya binti yangu, kama wewe."

"Binti yako yuko wapi?"

Aliacha kutafuna. "Nilikwenda kumwona," alisema. "Alinikaribisha vizuri."

Swali la Damari la siku zote lilikuwa bado lipo, akalitoa. "Na Stefano? Stefano mwana wa Ignas, wa Mungaa? Alikwenda Burma."

"Tulipishana njiani," mgeni alisema. "Naye alikuwa bado hajala."

Damari hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta uani, na mlango ulikuwa umefungwa nyuma yake, na nyumba aliyoijenga na mumewe ilikuwa inatoa moshi wa watu wengine. Alikimbilia kwa Dorika.

"Hodi! Dorika, hodi!"

Mlango ulifunguka kidogo. Jicho la Dorika lilimtazama juu mpaka chini.

"Wewe nani?"

"Ni mimi!"

"Wewe nani, nimekuuliza?"

Damari alifungua kinywa kusema jina lake. Kinywa kilikuwa kitupu. Alilitafuta jina chini ya ulimi, alilitafuta kifuani, hakuliona. Dorika alifunga mlango, akasukuma gogo nyuma yake.

Akatembea. Alijiapia hatakwenda Ihanja. Alijua akienda nini kitatokea, alikuwa amesikia habari ya binti wa mgeni kwa masikio yake. Lakini mtu asiye na mlango anakwenda wapi? Miguu ilishika njia. Nitautazama moshi tu, alijiambia. Nitautazama kwa mbali, nijue wako hai, kisha nigeuke niingie porini nisionekane tena. Alitembea usiku, akatembea mchana, hakuhisi kiu. Jua lilipoanza kuzama tena aliiona barabara, na shamba la uwele lililovunwa, na nyumba ya Yunisi. Moshi ulikuwepo. Mtoto alikuwa analia, kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa.

Damari alisimama mwisho wa shamba, akalia kwa furaha. Wako hai. Basi, imetosha. Aligeuka.

Uani, Yunisi alikuwa amepakata mtoto, na mbele yake pana bakuli. Alinawa. Alimega tonge. Na kabla hajalitia kinywani aligeukia huko nje palipo patupu, akaita kama mama yake alivyomfundisha:

"Karibuni!"

Miguu ya Damari ilisimama.

Hapana, mwanangu. Hapana...

Miguu ikageuka.

"Hodi," ilisema sauti. Ilikuwa yake.

Yunisi aliinua macho. Alimtazama kwa heshima, jinsi anavyotazamwa mtu mzima usiyemjua. "Shikamoo, mama. Karibu." Alimletea kigoda. Alimletea maji. Alimsogezea bakuli, na harufu ya ule ugali ilikuwa harufu ya majivu yaliyolowa.

Niulize jina, Damari alilia moyoni. Kosa adabu, mwanangu. Mara hii moja tu, niulize!

"Baadaye," kinywa kilisema. "Kwanza tukae."

Mekoni moto uliinama. Mtoto aliunyoosha mkono wake mdogo, akavuta pindo la kaniki ya Damari, fundo asilokumbuka kulifunga likafunguka, kijumba cha Ihanja kikaanguka chini. Yunisi alikiokota. Uso wake ukachangamka.

"Marehemu baba alikuwa akituchongea hivihivi!" alisema. "Tulikuwa tukicheza na kaka yangu. Je, na dadu unayo?"

Damari alijaribu kuukaza mkono. Vidole vilifunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Dadu ilikuwa humo.

Yunisi alicheka, akaketi vizuri, akamweka mtoto katikati yao.

"Pole na safari, mama," alisema. "Habari zako utanipa ukishakula."